Kabla Hujaongeza IP: Maneno kwa Mafundi wa Seva wa Mwanza

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu mliotoka vyuoni, mafundi wenzangu wa Nyamagana na Ilemela, na ninyi mliofika asubuhi hii kutoka Sengerema na Ukerewe: wakubwa shikamooni, vijana habari zenu. Nimepewa muda wa kabla ya chakula, na harufu ya sato ikishafika humu ndani hakuna atakayenisikiliza tena. Naomba niingie moja kwa moja.

Mmeniita nizungumzie namna ya kuongeza anwani za IP, zile namba zinazotambulisha mashine mtandaoni, kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva, na kuziwekea kanuni za fayawoli, yule mlinzi anayeamua nini kiingie na nini kisiingie. Kuongeza anwani yenyewe ni mstari mmoja. Unaandika `ip addr add 203.0.113.11/24 dev eth0`, unabonyeza ingiza, imekwisha. Kama hayo ndiyo yote, ningekaa sasa hivi. Lakini anwani mpya haiji peke yake. Inakuja na huduma ambazo hukukusudia zionekane nje, inakuja na swali la pakiti zako, yaani vifurushi vya data, zinatoka kwa jina lipi, na inadai kanuni za fayawoli ambazo wengi wetu huzikumbuka mteja akishapiga simu. Tunachokosea ni mpangilio wa kazi. Tunaweka anwani, tunaona inajibu ping, ile hodi ya kujaribu mtandao, tunafurahi, na kanuni zinabaki za kesho. Mimi nasema kanuni ziandikwe kwanza, anwani ifuate.

Niseme mapema: anwani zinazoanza na 203.0.113 na 198.51.100 nitakazotaja zimetengwa kwa mifano tu, na haziendi popote kwenye intaneti. Msije mkazinakili kwenye seva ya mtu.

Tuanze na swali ambalo fundi mzuri humuuliza mteja kabla ya kumtoza hela: IP ya pili ya nini? Zamani kila tovuti yenye usimbaji ilitaka anwani yake. Siku hizi tovuti hata mia zinakaa nyuma ya anwani moja, kwa sababu kivinjari kinataja jina la tovuti mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, na nginx, programu ya kuhudumia tovuti, inagawa kazi kwa jina hilo. Kwa hiyo mteja akikwambia ana tovuti ya duka na tovuti ya shule na anataka IP mbili, mwambie ahifadhi pesa yake. Sababu za kweli zipo, ila ni chache. Seva ya barua pepe inafaa iwe na anwani yake, ili sifa yake isichafuliwe na jirani, na ili mwenye anwani akuwekee jina la kinyume, lile linalopatikana mtu akiuliza anwani hii ni ya nani, linalolingana na jina la seva. Mfumo wa majaribio unafaa utengane na mfumo wa kazi. Na kuna kampuni za malipo zinazokubali maombi kutoka anwani uliyowaandikia kwa barua tu. Hiyo ya mwisho nitakaa nayo sana, maana hapa Mwanza ndiyo inayotutoa jasho.

Nasema ahifadhi pesa kwa sababu anwani hizi zimeadimika. IPv4, aina ya anwani kama hizo nilizotaja, ina nafasi bilioni 4.3 hivi, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. AFRINIC, wanaogawa kwa Afrika nzima kutoka Mauritius, wamekuwa kwenye awamu ya pili ya uhaba tangu Januari 2020, na humo anayeomba, hata awe mkubwa namna gani, kwa ombi moja hapati zaidi ya anwani 1,024. AWS, klaudi ya Amazon, nao tangu Februari 2024 wanatoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya umma. Pigeni hesabu: ni kama dola 3.60 kwa mwezi kwa anwani moja, hata kama imekaa haifanyi kitu. Mteja mwenye tano za mapambo anaziona kwenye bili.

Haya, mteja ana sababu. Amekodi seva kwenye kituo cha data, ndani yake kuna mashine pepe, na amenunua anwani mbili za ziada. Sasa anwani inafikaje ndani ya mashine pepe? Kabla ya Juni 2025, ukitoka hapa kwenda Sengerema gari lako lilipanda kivuko pale Kigongo, na kilichovuka maji ni kivuko, wewe ukiwa juu yake. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe, unavuka mwenyewe, na aliyesimama Busisi anasoma namba ya gari lako. Seva zina njia hizo hizo mbili. Kwa njia ya kivuko, seva mama, yaani seva halisi iliyobeba mashine pepe, ndiyo inayopokea pakiti zote na kuzifikisha kwa mashine pepe. Huko nje haionekani MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao, nyingine ila ya seva mama. Kwa njia ya daraja, mashine pepe inajitokeza kwenye swichi ya kituo cha data kwa MAC yake yenyewe.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Vituo vingi vya data vinasajili MAC. Swichi yao ikiona MAC isiyoifahamu inatoka kwenye waya wako, inatupa pakiti, na wengine wanafunga tundu zima la swichi na kukutumia barua ya onyo. Kwa hiyo ukitaka daraja, ingia kwanza kwenye paneli ya mwenye kituo, omba MAC ya anwani ile ya ziada, kisha uiandike kwenye kadi ya mtandao ya mashine pepe kabla hujaiwasha. Kama hawatoi MAC, tumia kivuko: washa `net.ipv4.ip_forward` kwenye seva mama, elekeza anwani ile kwa njia ya /32, yaani ya anwani hiyo moja tu, kwenye mashine pepe, na kama kituo hakijaielekeza anwani hiyo kwenye seva yako, seva mama iijibie ARP, ule wito wa kuuliza anwani hii iko kwa nani. Njia ya kivuko ina faida ambayo watu hawaioni: ukipewa fungu la /29 lililoelekezwa kwako moja kwa moja, unatumia anwani zote 8. Fungu hilo hilo likikaa kwenye daraja, moja ni ya mtandao, moja ni ya matangazo, na kwa kawaida moja inachukuliwa na ruta. Zinabaki 5. Kwa bei ya IP ya leo, tatu ni pesa.

Wa klaudi, msisinzie. Kwenu mashine pepe haiijui hata anwani yake ya umma. Ndani ina anwani ya faragha, ya 10 au ya 172.31, na ubadilishaji unafanyika nje yake. Kwa AWS, ukitaka ya pili, unaongeza anwani ya pili ya faragha kwenye kadi, unaifunga na anwani ya umma, halafu unaiandika ile ya faragha ndani ya Linux. Ukiiandika ile ya umma ndani ya mashine, utakaa mpaka usiku unashangaa.

Na ule mstari wangu wa mwanzo, `ip addr add`, unaishi mpaka seva izimwe. Umeme wetu mnaujua. Seva iliyo kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha minofu kule Ilemela itazimika, itawaka, na anwani itakuwa imepotea. Kwa Ubuntu iandikwe kwenye faili lililo ndani ya `/etc/netplan`, na usitumie `netplan apply` ukiwa mbali. Tumia `netplan try`. Hiyo inakupa sekunde 120 za kuthibitisha. Ukishindwa kubonyeza kwa kuwa umejikatia mtandao, inarudisha ya zamani yenyewe. Kabla ya yote, piga `arping -D` kwa ile anwani uone kama kuna mwingine tayari anaitumia. Mashine mbili zenye anwani moja huleta ugonjwa wa leo inafanya, kesho haifanyi, na huo ndio unaozeesha mafundi.

Sasa nani anasikiliza? Kabla hujaongeza anwani, andika `ss -tlnp` ndani ya mashine pepe usome kila mstari. Palipoandikwa 0.0.0.0, maana yake huduma ile inasikiliza kwenye anwani zote, zilizopo na zitakazokuja. Ukiongeza IP mpya, huduma hiyo inatokea juu yake papo hapo, bila kuuliza. Chukulieni chama cha akiba na mikopo cha wavuvi, kina mfumo wa hesabu na MySQL, ghala lake la data, kwenye mashine moja. Fundi wa kwanza alikuwa makini, akaandika kanuni ya kuzuia poti 3306, mlango wa MySQL, kwenye anwani 203.0.113.10. Fundi wa pili anakuja, anaongeza 203.0.113.11 kwa ajili ya tovuti ya wanachama. Kanuni ya zamani inataja .10 tu. Hesabu za wanachama sasa zinasikiliza kwenye .11, mlango wazi, na kila ukaguzi unaofanywa kwenye .10 unaonyesha mambo shwari.

Najua kuna mtu moyoni anasema, nani ataijua anwani mpya ya chama cha wavuvi? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayopita kwenye anwani zote za IPv4 duniani, kwa poti moja, ndani ya dakika 45 kwa kompyuta moja yenye laini ya gigabiti. Hakuna haja ya mtu kukujua. Anapita tu. Na kama ni zahanati, taarifa za wagonjwa zikitoka, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na haitauliza kama ni fundi wa kwanza au wa pili.

Kwa hiyo msimamo wa fayawoli uwe mmoja: kinachoingia kimezuiwa, isipokuwa ulichokiruhusu kwa jina. Na ukiruhusu, taja anwani ya kwendea. Kwa ufw, programu ya fayawoli ya Ubuntu, watu wanaandika `ufw allow 443`, wakadhani wamefungua tovuti. Wamefungua poti ile kwenye anwani zote. Andika `ufw allow proto tcp from any to 203.0.113.11 port 443`. Ni ndefu, inachosha vidole, lakini atakayekuja baada yako ataelewa ulimaanisha nini.

Turudi kwenye malipo. Kampuni ya malipo inakwambia: tupe IP yako tuiruhusu. Unanunua anwani mpya, 203.0.113.12, unawapa, wanaisajili baada ya siku zao, unaijaribu, jibu ni umekataliwa. Unawapigia, wanasema kwetu iko sawa. Unaangalia seva yako, anwani ipo, ping inajibu. Mnavutana wiki nzima, na wote wawili mnasema kweli.

Tatizo ni kwamba IP ya ziada ni ya kupokelea. Pakiti inayoanzia kwako kwenda nje, Linux inaichagulia anwani kwa kufuata njia, na kama anwani zote ziko kwenye mtandao mmoja, inachagua ya kwanza. Kampuni ya malipo inakuona ukija kwa jina la .10, na .10 hawaijui. Msibishane kwa simu. Andika `ip route get 198.51.100.7`, weka hapo anwani ya hao wa malipo, usome mbele ya neno `src`. Hilo ndilo jina unalotokea nalo.

Kulitibu kuna njia kadhaa. Unaweza kuongeza njia ya kwenda kwao peke yao: `ip route add 198.51.100.7/32 via 203.0.113.1 src 203.0.113.12`. Inafanya kazi mpaka siku watakapobadilisha anwani zao. Unaweza kubadilisha anwani ya kutokea kwa SNAT kwenye nftables, chombo cha fayawoli cha Linux. Unaweza kuiambia programu yenyewe ijifunge kwenye .12, kama mwandishi wake alikuwa na huruma ya kuweka nafasi hiyo. Mimi ningewashauri muitengee kazi ya malipo mashine pepe yake ndogo, gigabaiti moja ya kumbukumbu inatosha mara nyingi, na .12 iwe anwani yake pekee. Hapo hakuna cha kuchagua. Kanuni za fayawoli zinakuwa fupi, na mkaguzi akija unamwonyesha ukurasa mmoja.

Ndugu yake tatizo hilo ni mashine yenye kadi mbili za mtandao, eth0 na eth1, na mageti mawili, yaani ruta mbili za kutokea nje. Ombi linaingia kwa eth1, jibu linatokea eth0 kwa sababu ndiko geti la kawaida liliko, na ruta ya upande ule inalitupa, kwani anwani ya mtumaji si ya mtaa wake. Ukitazama kwa `tcpdump`, chombo cha kuchungulia pakiti, unaona maombi yanafika vizuri kabisa, na mteja anaona kimya. Dawa ni `ip rule` inayosema: kinachotoka kwa anwani hii kifuate meza hii, na meza ile iwe na geti lake. Tutaifanya mchana kwa mikono, sitaieleza kwa mdomo.

Sasa tabaka. Fayawoli iko ya mwenye kituo, iko ya seva mama, iko ya ndani ya mashine pepe. Kanuni moja ikikosekana popote hapo, pakiti haipiti, na fundi mwenye haraka hufungua zote ili ajue kosa liko wapi, kisha husahau kuzifunga. Usifungue. Weka `tcpdump` kwenye seva mama, kisha ndani, uone pakiti imefia wapi.

Wanaotumia Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, sikilizeni hili vizuri. Fayawoli yake inawashwa mahali patatu: kwenye Datacenter, kwenye mashine pepe, na kwenye kadi ya mtandao ya mashine hiyo. Ukiacha hata mahali pamoja kati ya hapo patatu, kanuni zako nzuri ulizoziandika hazilindi kitu, ziko pale kama picha ukutani. Na ukiwasha ile ya Datacenter, papo hapo seva mama inazuia kila kinachoingia, isipokuwa poti 8006 na 22 kutoka mtandao wake wa ndani. Wewe uko Buzuruga, seva iko Dar es Salaam au Ujerumani. Wewe si mtandao wake wa ndani. Ukibonyeza ndiyo, umejifungia nje. Kwanza jaza seti ya anwani inayoitwa `management`, weka humo unakotokea wewe, ndipo uwashe. Na kama mliweka seti ya `ipfilter-net0` ili mashine isijifanye nyingine, kila anwani ya ziada lazima iingizwe humo, la sivyo mashine itanyamaza.

Tahadhari nyingine ya kujifungia. Fayawoli inakumbuka mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Ukibadilisha kanuni, dirisha lako la SSH, unaloongozea seva ukiwa mbali, linaendelea vizuri, unadhani salama, unalifunga, na ndiyo mwisho. Acha dirisha la kwanza wazi, fungua la pili kama mgeni, likiingia ndipo uamini. Kabla ya hapo weka saa ya uokoaji: `systemd-run --on-active=5m ufw disable`. Mambo yakienda vizuri unaisimamisha. Yakiharibika, unakunywa chai dakika tano, seva inakufungulia yenyewe.

Kuna dada pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja `management`. Anauliza: atajazaje unakotokea, na sisi wengi tunafanya kazi kwa bando la simu?

Asante dada yangu, hapo umegusa penyewe. Kwenye bando la simu, anwani unayoonekana nayo ni ya mtandao wa simu, mnaitumia watu wengi kwa pamoja, na kesho inakuwa nyingine. Simu yako yenyewe mara nyingi inapewa anwani ya faragha, au ya fungu la 100.64, lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ukiiruhusu anwani ya leo, kesho uko nje. Ukiruhusu fungu zima la mtandao wa simu, umewaruhusu wateja wao wote pamoja na wewe. Msifanye lolote kati ya hayo. Tengeneza mashine pepe ndogo ya WireGuard, njia ya siri ya kuingilia mtandao wako (VPN), imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, fungua poti moja ya UDP, 51820 ndiyo iliyozoeleka, na asiye na ufunguo hajibiwi hata neno. Ukishaingia, unakuwa na anwani ya ndani isiyobadilika, tuseme 10.8.0.2, uwe Buzuruga, uwe Nansio, uwe kwenye basi. Hiyo ndiyo unayoiandika kwenye `management`, na SSH inafunguliwa kwa 10.8.0.0/24 tu. Inavumilia hata simu ikiruka kutoka mnara mmoja hadi mwingine.

Kijana hapa mbele anauliza kuhusu Docker na ufw. Ndiyo, uliyoyaona ni kweli, hukuota. Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya makontena, ikitangaza poti inaandika kanuni zake mbele ya zile za ufw, kwa hiyo ufw inasema imezuia na dunia inaingia. Badala ya `3306:3306` andika `127.0.0.1:3306:3306`, au taja ile anwani moja unayotaka. Ni mfano ule ule wa 0.0.0.0, umevaa koti jingine.

Na IPv6, aina mpya ya anwani iliyo ndefu zaidi, mzee wangu, nisiiruke. Seva nyingi zinakuja nayo imewashwa bila mwenyewe kujua, na kanuni za `iptables` haziigusi kabisa. Ama muandike kwa nftables kwenye familia ya `inet`, inayoshika IPv4 na IPv6 zote mbili, ama mhakikishe faili la ufw linasema `IPV6=yes`. Msiizuie ICMPv6, jumbe ambazo mashine za IPv6 hutafutiana nazo, yote kwa ukali, kwa sababu bila hiyo majirani hawaonani na IPv6 inakufa.

Naona mwenyekiti anaangalia mlango wa jikoni. Baada ya chakula, kila meza itakuta mashine pepe tatu na anwani mbili za ziada ambazo hazijawekwa. Msiziweke. Anzeni na `ss -tlnp` kwenye kila mashine, andikeni kwenye karatasi kila mstari wenye 0.0.0.0, na mnieleze kila mmoja unafanya nini pale. Meza itakayomaliza hiyo ndiyo nitaipa neno la siri la paneli.